Kabla Hujaenda Paris, Pitia Milango Hii ya Nairobi

Safari ya Paris inaanzia kwenye foleni ya Nyayo House. Hii tunajua sote. Unafika mapema na makaratasi yako, picha, kopi za kitambulisho cha mzazi, unasimama. Ukishapata pasipoti, kuna viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90, na wakikunyima hazirudi. Bado hujanunua tiketi, bado hujajua utalala wapi, na tayari umemwomba mjomba mkopo.

Sasa nina swali moja. Ukiwa kwenye hiyo foleni, umewahi kugeuza shingo ukaangalia kile kijumba cha mawe kilicho hapo kando, kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway? Kile ambacho jengo la Nyayo limekisimamia kama bouncer wa klabu?

Sisemi usiende Ufaransa. Nikipewa nauli leo, kesho hamnioni. Nimeziona video za watu wetu wakipita vijiji vya huko, kila kona kanisa la miaka 800, kila mji na makumbusho yake, na kwenye maoni chini ni kilio tu: "sisi hatuna historia kama hiyo." Hapo ndipo mimi nakataa. Nimekuwa nikizunguka tao na huku upande wetu wa magharibi, Westlands, Parklands, Lavington, Loresho hadi Kangemi ninakokaa, nikiangalia majengo na sanaa na kusoma nani alijenga nini na kwa nini. Historia iko, tena nyingi. Tatizo ni kwamba mji huu ulijengwa na watu waliotaka sisi tubaki nje, na mpaka leo tunapita hapo nje kwa adabu kama vile bado kuna sheria.

Tuanze na kile kijumba. Kilijengwa 1913, kikawa baadaye ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Hapo ndipo vizazi, ndoa na vifo vilisajiliwa, kwa hiyo maisha yote ya mtu yaliweza kupita kwenye mlango mmoja. Ndiyo pia sehemu ambayo umbali wa kwenda kwingine ulipimiwa. Ukisoma kwamba mji fulani uko kilomita kadhaa kutoka Nairobi, sifuri yake ni hapo. Leo panaitwa Nairobi Gallery, pako chini ya National Museums of Kenya, na ndani kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi. Huyu mzee nitamrudia. Kwa sasa jua tu kwamba kuna vinyago, vitambaa, shanga na vito kutoka pande nyingi za Afrika, hatua chache kutoka kwa watu mia wanaosubiri pasipoti waende kuona makumbusho ya wenyewe.

Na jirani yake, Nyayo House yenyewe, nayo ni historia, ila ya kutisha. Miaka ya 1980 chini ya jengo lile kulikuwa na vyumba vya mateso. Wahadhiri, wanafunzi, waandishi, watu waliosemekana kuipinga serikali walifungiwa huko chini, wengine kwenye maji, wakati juu ofisi zinaendelea na kazi. Walionusurika wameeleza hayo hadharani na mahakamani. Kwa hiyo kwenye kona moja ya barabara una sifuri ya ramani ya Kenya, mkusanyiko wa sanaa ya bara zima, na gereza la siri. Nionyeshe kona ya Paris yenye uzito huo tuongee.

Vuka Kenyatta Avenue. Kuna jengo la mawe, nalo la 1913, lililojengwa na mhandisi Mhindi, Gurdit Singh. Leo ni tawi la benki, watu wanatoa pesa na kwenda zao. Jina lake ni Kipande House. Kama ulilala darasani, nikukumbushe kipande ni nini. Sheria ilipitishwa 1915 na ikaanza kufanya kazi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 lazima awe na karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara na tarehe za kazi. Karatasi iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Mwajiri asipokutia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuandikwa kazi kwingine. Ukikamatwa bila kipande, ni faini au ndani.

Baba yake shosho alikivaa. Shosho anasema kilikuwa kinagonga kifungo cha shati akitembea, na wao watoto walijua baba anakuja kwa mlio huo. Mimi nilipoingia ile benki nilisimama katikati ya ukumbi kidogo, nikiangalia juu, mpaka soja akaniuliza kama nimepotea. Kuta ni nzuri. Jiwe limechongwa kwa mkono, madirisha yamepangwa kwa utaratibu, mnara umekaa vizuri pale juu. Na kazi ya jengo hili ilikuwa kumwandika mtu kama ng'ombe. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na sioni sababu ya kuchagua kimoja.

Watu wengine hapa husema: basi tuyabomoe, ni ya mkoloni. Naelewa hasira hiyo. Lakini angalia Wafaransa, maana hao ndio tunaowaiga. Louvre ilikuwa jumba la wafalme. Mapinduzi yalipokuja hawakulichoma. Tarehe 10 Agosti 1793 walilifungua kama makumbusho ya umma, mwaka mmoja kamili baada ya ufalme kuangushwa. Mtu ambaye jana asingeruhusiwa hata kufagia ukumbi ule, sasa anaingia kuangalia michoro ya mfalme. Foleni unayoiona pale leo ilianza na uamuzi huo.

Sasa twende Banda Street, kwenye maktaba ya McMillan. Simba wawili wa mawe mlangoni, nguzo kubwa kama hekalu la Kirumi, ngazi pana. Ilifunguliwa 1931 na Lucie McMillan kumkumbuka mumewe, William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekufa 1925. Maktaba hii ina sheria yake ya Bunge inayoitaja kwa jina, jambo ambalo majengo mengi ya tao hayawezi kujisifia. Na kwa zaidi ya miaka 25 ilikuwa ya Wazungu pekee. Mwafrika angeweza kupangusa vumbi kwenye vitabu, lakini si kuvisoma.

Nilimuuliza shosho kuhusu hiyo. Yeye amekaa Nairobi tangu kabla ya uhuru.

"Shosho, ulishawahi kuingia McMillan?"

"Kufanya nini? Hiyo ilikuwa ya Wazungu."

"Lakini baadaye ilifunguliwa kwa watu wote."

"Ikafunguliwa, ndiyo. Na mimi nilikuwa na watoto sita, mjukuu wangu. Ungewashika wewe?"

Hilo jibu lilinishinda. Tunaongea kuhusu milango kufunguliwa kana kwamba ukishatoa kufuli kazi imeisha. Mama yangu hakupelekwa McMillan kwa sababu mama yake hakupelekwa, na mimi ningekuwa vilevile kama si mwalimu mmoja wa darasa la saba. Ndiyo maana nawaheshimu sana Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walioanzisha Book Bunk mwaka 2017 wakaingia makubaliano na kaunti kuzifufua maktaba hizi. Na kumbuka maktaba hii ina matawi mawili, Kaloleni na Makadara, huko Eastlands ambako Waafrika walitengewa mitaa ya kuishi. Nayo yamefanyiwa ukarabati. Mtu anaweza kusema ni rangi na rafu tu. Sawa, lakini ni rangi na rafu ambazo serikali zilizotangulia hazikuona haraka ya kuziweka.

Ubavuni mwa McMillan kuna Jamia Mosque, iliyojengwa kati ya 1925 na 1933: kuba tatu, minara miwili, marumaru ndani. Ijumaa saa saba mtaa mzima unabadilika sauti. Na ng'ambo kidogo, Muindi Mbingu Street, kuna City Market ya miaka ya 1930, ule ukumbi mrefu wenye paa la matao ambapo mwanga unaanguka kutoka juu hadi kwenye maua na vinyago. Hapa nataka kuwachokoza Wafaransa kidogo. Paris walikuwa na soko lao kuu, Les Halles, mabanda ya chuma na vioo ya msanifu Victor Baltard, moja ya kazi maarufu za karne ya 19. Walianza kuyabomoa 1971. Banda moja tu ndilo lililookolewa, likahamishiwa Nogent-sur-Marne nje ya mji. Wamejuta mpaka leo. Sisi soko letu bado liko, bado linauza, na ukitaka samaki au shada la harusi unaingia tu. Usiwaache watu wakuambie sisi ndio hatujui kutunza. Mara nyingi tunatunza kwa kutumia, bila kibao.

Nikiwa hapa tao nitaje sanaa ya nje kidogo, maana wengi mnakutana "pale Archives" bila kuangalia. Sanamu ya Tom Mboya kwenye Moi Avenue ni kazi ya Oshottoe Ondula, iliwekwa 2011, karibu na mahali Mboya alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Ya Dedan Kimathi, kwenye barabara yenye jina lake, ni ya Kevin Oduor, ikazinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya Waingereza kumnyonga. Na kwenye Kenyatta Avenue kuna sanamu za shaba za 1928, za wanaume watatu, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson. Ni ukumbusho wa Waafrika wa Vita vya Kwanza, askari na wapagazi pia, ambao maandishi ya pale yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na magonjwa, wengi wakiwa wamekamatwa kwa nguvu. Carrier Corps kwa Kiingereza, na watu wetu wakalitamka Kariokor. Hao wapagazi ndio unaowataja kila ukienda kula nyama choma, wewe hujui tu. Kwa maoni yangu sanamu ya Kimathi inawashinda wale watatu kwa mbali. Wale watatu wamesimama kama wanasubiri amri.

Ukipanda kuelekea Kenyatta Avenue hadi ng'ambo ya Uhuru Highway unafika All Saints Cathedral, na hapa ndipo Ufaransa inaingia kwenye stori moja kwa moja. Mtindo wa Gothiki, yale matao yaliyochongoka juu, madirisha marefu ya vioo vya rangi, dari linaloonekana kuelea, ulizaliwa karibu na Paris karne ya 12, kwenye kanisa la Saint-Denis. Ukasambaa hadi Chartres, ukavuka bahari hadi Uingereza, na karne nyingi baadaye msanifu Mwingereza Temple Moore akauchora kwa ajili ya Nairobi. Jiwe la msingi liliwekwa 1917. Moore alikufa 1920, na kanisa halikukamilika mpaka 1952. Umbo ni la Ufaransa, jiwe ni la kijivu la hapa kwetu, na mikono ni ya mafundi ambao majina yao hayako popote. Chartres vilevile: hakuna anayejua jina la aliyelichora. Tofauti ni kwamba kule watu wamewaandikia hao wasiojulikana vitabu chungu nzima.

Lakini si matao yanayonifanya niende pale. Februari 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikwenda Uhuru Park kufunga kula wakitaka watoto wao waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa virungu na mabomu ya machozi, Maathai akapigwa mpaka akazimia, na baadhi ya wale mama wakavua nguo mbele ya askari vijana, laana nzito kuliko zote. Kisha wakavuka barabara wakaingia All Saints, wakapewa chumba cha chini ya kanisa. Walikaa humo karibu mwaka mzima, wazee wa miaka 60 na 70, wakilala sakafuni, mpaka wengi wa vijana wao wakatoka. Mmoja wao alikuwa Monica Wamwere, mama yake Koigi. Miaka mitano baadaye, tarehe 7 Julai 1997, polisi waliingia ndani ya kanisa lilelile na kuwapiga watu waliokuwa kwenye ibada.

Notre-Dame iliungua Aprili 2019, dunia nzima ikalia mtandaoni, na Desemba 2024 ikafunguliwa tena ikiwa safi. Mimi pia niliguswa. Ila nilijiuliza ni wangapi kati yetu tulioweka ile bendera kwenye profaili tunajua kilichotokea chini ya sakafu ya kanisa la Gothiki ambalo mat yetu hulipita kila siku.

Haya, tupande mat. Chukua 46 ya Kawangware, pita Valley Road, pita Yaya, shuka Gitanga Road mahali inakutana na James Gichuru. Uko Lavington. Kabla hapa hapajaitwa Lavington ya maduka ya kahawa ya shilingi 400, palikuwa misheni ya Wafaransa. Mapadri wa Roho Mtakatifu, shirika la Ufaransa lililoanzia pwani ya Zanzibar na Bagamoyo, walifungua misheni ya St Austin's hapa 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi. Kanisa la mawe bado liko. Ni dogo ukilinganisha na lile la tao, na limezungukwa na magorofa yanayokua kama uyoga, lakini ukiingia kwenye ule ua unasikia kelele za barabara zikipungua.

Na kahawa hiyo ya shilingi 400 inawahusu. Mapadri hawa walikuwa wameshapanda miche Bura, Taita, mwaka 1893, kisha wakaileta hapa St Austin's. Kutoka hapa ikasambaa kwenye mashamba ya walowezi, na aina ile wakulima wakaiita French Mission. Miaka ya 1930 wataalamu wa Scott Laboratories huko Kabete walichagua miti bora kwa utafiti, wakaipa namba zenye herufi SL. Ile SL34 inasemekana ilitoka kwenye mti mmoja wa shamba la Loresho. Loresho hii hapa, inayotazamana na Kangemi! Sasa fikiria safari hiyo. Kahawa inatoka Ethiopia jirani yetu, inavuka hadi Yemen, Wafaransa wanaipeleka kisiwa cha Bourbon ambacho leo ni Réunion, halafu mbegu zenye damu hiyo zinarudi Afrika na mapadri, zinapandwa Lavington. Imezunguka nusu ya dunia kuja kwa jirani.

Shosho alichuma kahawa upande ule akiwa msichana mdogo, miaka ya 1950. Nikimpa hii hadithi ya Wafaransa anacheka. Anachokumbuka yeye ni debe. Ulijaza debe ndipo ukalipwa, na kama msimamizi akiona beri mbichi juu, debe halihesabiwi. Najua mnasubiri niende Karen kwa mama yule wa Denmark aliyekuwa na shamba chini ya milima ya Ngong. Siendi. Amepata filamu, amepata makumbusho, mtaa watu wanauhusisha na jina lake. Debe la shosho halina makumbusho.

Rudi sasa Waiyaki Way. Ukiwa upande wa kushoto wa mat kuelekea Kangemi utaziona kuta na matao ya Nairobi School. Ilifunguliwa hapo 1931 kama Prince of Wales School, ya wavulana wa Kizungu, ikachorwa na Herbert Baker, mtu aliyechora Union Buildings za Pretoria na sehemu ya New Delhi. Yaani msanifu wa milki nzima aliletwa kuchora shule ya watoto wa walowezi, ndivyo walivyopanga kukaa. Leo vijana wa Kakamega, Garissa na Kitui wanaosha soksi zao chini ya matao ya Baker, na nadhani hilo linatosha kama kisasi.

Kwenye barabara hiyohiyo, Westlands, kuna mnara mwingine usio na mawe: ule mti wa mugumo. Expressway ilipokuwa inajengwa ulipangiwa kung'olewa. Watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 amri ya rais ikauokoa. Mti wa Mungu kwa Wakikuyu ulisimamisha barabara ya mabilioni. Nautaja kwa sababu unajibu wale wanaosema kelele zetu hazisaidii.

Parklands ndiyo mwisho wa matembezi yangu, na hapa namrudia Murumbi. Alizaliwa 1911, baba Mgoa, mama Mmaasai. Alikuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, mwaka 1966, akajiuzulu mwaka huohuo. Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonivutia. Yeye na mkewe Sheila, pamoja na Alan Donovan, walifungua African Heritage mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwenye Kenyatta Avenue, jumba la sanaa ya bara zima, wakati ambapo wenye pesa Nairobi walitundika picha za farasi wa Uingereza. Alikusanya maelfu ya vitabu adimu, stempu, vitambaa, sanamu. Watu wa nje walitaka kununua. Yeye akauzia serikali ya Kenya mkusanyiko pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa ndoto kwamba nyumba itakuwa taasisi ya masomo ya Afrika. Vitabu vikaenda Archives, ambako leo kuna Murumbi Gallery. Nyumba ikaachwa, kisha ikabomolewa.

Alifariki 1990. Kaburi lake liko City Park, karibu na la rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mwandishi aliyeuawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965 mlangoni kwake hapa Westlands, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Kando ya kaburi la Murumbi kuna sanamu za mawe za wachongaji wa Kiafrika, nyani wanazikalia bila heshima yoyote. Mwana wa Tabaka, Kisii, Elkana Ong'esa, ana kazi yake pia kwenye makao makuu ya UNESCO. Ndege wa Amani. Makao hayo yako wapi? Paris. Kwa hiyo mtu wetu ataenda na viza yake, apige selfie mbele ya jiwe lililochongwa na Mkisii, arudi akisema sisi hatuna sanaa.

Sasa mbona nasumbuka hivi? Kwa sababu muda unaisha, hasa huku magharibi. Kilimani, Kileleshwa, Lavington, Parklands: nyumba za mawe za miaka ya 1930 na 1940, zenye vigae vyekundu na veranda pana, zinaondoka moja baada ya nyingine, gorofa 15 zinapanda. Watu wanahitaji mahali pa kulala, sibishi, na mimi nakaa kwenye ploti. Lakini hatujaulizwa hata mara moja ni zipi tungependa zibaki. Sheria tunayo, ile ya Makumbusho na Turathi ya 2006, inayomruhusu waziri kutangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa. Ila nani ataomba litangazwe, kama hakuna anayelijua?

Na ukijaribu kulijua unafukuzwa. Mwezi uliopita nilikuwa barabarani, nje kabisa, nikipiga picha ya mlango wa jengo moja la zamani ambalo sitalitaja. Soja akaja mbio: "Kijana, hapa hakupigwi picha." Nikamuuliza, "Kwa nini, mkubwa?" Akasema, "Ni amri." Ya nani, hajui. Alikuwa mpole, na akanionea huruma, hata akanionyesha upande wa pili ambapo kamera zao hazifiki. Lakini hiyo amri ndiyo ile ya zamani, imebadilisha tu sare.

Wafaransa kuhusu hili wametushinda, nakubali. Mwaka 1962 waziri wao André Malraux alipitisha sheria ya kulinda mitaa mizima ya kale, si jengo moja moja. Na tangu 1984 wana siku kila Septemba ambapo majengo ya historia hufunguliwa kwa umma, mpaka ikulu ya rais wao. Raia anaingia, anaangalia dari, anatoka. Sisi tulikuwa na Utamaduni Day tarehe 10 Oktoba, na 2024 ikageuzwa kuwa Mazingira Day. Sawa, tupande miti. Lakini tupewe hata Jumamosi moja kwa mwaka: Kipande House, mahakama ya zamani, Nairobi School, vyumba vya chini vya Nyayo House, Bunge lenyewe. Milango wazi, bila kuulizwa unatafuta nani.

Wakati tunasubiri hiyo Jumamosi, kuna kazi ndogo. Kila mmoja wenu anajua nyumba moja ya zamani mtaani kwake. Ipige picha, uliza wazee nani aliishi humo na nani alipika humo, andika mwaka kama unapatikana, niwekee hapa chini. Nitaanza na yangu: iko njia ya kwenda Loresho, mawe ya kijivu, vigae vyekundu, bomba la moshi limeinama kidogo kushoto. Shosho anasema alipeleka mayai kwenye mlango wake wa nyuma akiwa na miaka kumi. Wamezungusha mabati wiki jana.